Nilimkamua Ng'ombe Aliyekula Mchicha Wangu

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimechuchumaa chini ya ng'ombe wa watu, namkamua.

Ilikuwa asubuhi, mwisho wa mwezi wa tano, mvua zimeshakata ila umande bado upo. Nilitoka kisimani na ndoo kichwani, Shija mgongoni, nikazunguka nyuma ya nyumba na kumkuta ng'ombe mwekundu wa Mzee Jilala amesimama katikati ya bustani yangu anatafuna. Mzee Jilala ni baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo kwangu ni baba mkwe. Ng'ombe wake hakuwa na haraka. Tuta la mchicha alikuwa amelimaliza, sasa yuko kwenye sukuma wiki, anakwenda mstari kwa mstari kama mtu aliyeajiriwa. Miche ya nyanya hakuila. Aliikanyaga tu.

Haikuwa mara ya kwanza. Huko nyuma nilipiga kelele, nikatupa mawe, nikaenda kusema kwa adabu, nikaambiwa pole. Siku hiyo nilichoka kupewa pole. Nilitua ndoo, nikafungua kamba ya kuanikia nguo, nikamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya jiko, nikaingia ndani kuchukua sufuria. Alikuwa hajakamuliwa. Nikamkamua mpaka povu likapanda.

Mzee Jilala alikuja akifuata nyayo, fimbo mabegani. Mkwe hamsalimii baba mkwe akiwa amesimama, kwa hiyo nikapiga goti, sufuria mkononi, nikamwamkia Kisukuma.

“Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka, mayu,” akajibu, yaani mama. Akatazama sufuria, akatazama bustani, akarudi kwenye sufuria. “Unamfanya nini ng'ombe wangu?”

“Nachukua mchicha wangu, baba. Umeshageuka maziwa.”

“Mke wa mwanangu, una wazimu?”

“Labda. Nisaidie kufungua hiyo kamba, nimemaliza.”

Alifungua. Pale ndipo mambo yote yalipoanzia, na nitayafikia. Kwanza niwaambie mimi ni nani, nyie wadogo zangu mliomaliza shule na kukaa nyumbani mkidhani bustani ni kazi ya waliofeli.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Ni kweli bado nanyonyesha, na mapacha wangu Kulwa na Doto hawajaanza shule, lakini nimestaafishwa kama wazee wenye mvi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi kwenye mradi wa lishe pale zahanati. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha akina mama ambao watoto wao walikuwa wamerudi nyuma kwenye kadi ya kliniki. Naenda mpaka nyumbani kwa mtu, naangalia maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa wapi, na hapo hapo tunachimba tuta. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, ya jembe na mdomo. Halafu zikaja siku hizi za kila kitu ruksa, serikali ikaanza kupunguza watu, miradi nayo ikajipunguza. Bwana mmoja akaja na gari, akasema kuanzia sasa soko ni huria na kila mtu ajitegemee, akachukua jembe, reki na keni ya kumwagilia. Reki aliirudisha kwa sababu ilikuwa imebaki na meno mawili.

Basi nikajitegemea. Keni si lazima ununue. Chukua kopo la mafuta ya kula, lifungue juu, toboa kitako kwa msumari mwembamba, kutoka ndani kwenda nje. Ukitoboa kutoka nje kwenda ndani, matundu yanaziba kwa takataka, kisha utakuja kusema nimekudanganya.

Aliyenifundisha kazi si mradi. Mradi ulinipa kofia. Aliyenifundisha ni Mama Holo, mpishi wa uji wa watoto pale zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku yangu ya kwanza nilipalilia bustani ya mfano mpaka ikang'aa, nikasimama pembeni nikisubiri kusifiwa. Mama Holo akaja na mwiko wake.

“Mgagani wangu uko wapi?”

“Upi, mama?”

“Uliokuwa unaota hapa wenyewe, bila kusumbua mtu.”

“Nilidhani ni magugu.”

“Na wewe uliota wapi, kwenye kitalu?”

Tangu siku hiyo sing'oi kitu kabla sijakinusa. Mgagani ni mchungu, lakini ukichemsha ukamwaga maji ya kwanza na kuutia maziwa au karanga, watoto wanalamba sahani. Nao haukuombi maji kila siku kama kabichi.

Mama Holo hakujua kila kitu. Aliamini kwamba ukilinyooshea boga changa kidole, litaoza, kwa hiyo lazima ukunje kidole na kuelekeza kwa kifundo. Shuleni nilisoma kwamba boga changa huoza kwa sababu halikuchavushwa, au kwa inzi. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa, ila kunja kidole.” Nakunja mpaka leo. Hakuna hasara.

Kuhusu kabichi, nina kisa. Mradi ulileta mbegu zake, nasi tukazigawa. Baada ya muda mama mmoja akaja kulalamika kwamba mboga yangu ni ya ajabu, inajifunga badala ya kufunguka. Nikamfuata nyumbani. Nikakuta amechuma majani yote ya nje, ameyachemsha na kuyaanika juu ya paa yawe nsansa, ile mboga kavu tunayoiweka kwa ajili ya kiangazi. Vizuri kabisa. Na kile kichwa cha kabichi?

“Kile kilichokunjamana katikati? Nilimpa mbuzi. Nilijua hakijakomaa.”

Mbuzi yule alinenepa. Mradi uliandika kwamba kaya imepokea teknolojia.

Sasa sikilizeni mambo ya msimu huu, mvua zinapokata, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa. Masika matuta huinuliwa ili maji yasisimame. Mvua zikikata, bomoa, uyazamishe. Chimba tuta liwe chini ya ardhi kiasi cha kiganja, tia samadi iliyooza, sawazisha, halafu mwagia polepole. Maji yatakaa mlemle. Tandaza mabua au nyasi kavu juu. Kitalu kiwekee kichanja cha kivuli, ukiondoe kidogo kidogo, usikiondoe mara moja kama unayemvua mtoto blanketi. Miche ihamishwe jioni. Ukipandikiza asubuhi, jua la huku kwetu litakutumia salamu saa sita.

Mbegu nazo. Zamani zililetwa na bwana shamba, au hazikuja kabisa. Siku hizi maduka ya Bariadi mjini yamejaa pakiti zenye picha ya nyanya nyekundu kama taa ya nyuma ya gari. Picha haioti. Kabla hujapanda, chukua punje chache, zifunge kwenye kitambaa chenye maji, weka karibu na jiko, kila siku fungua uangalie. Zisipochipua, rudisha dukani. Mwenye duka atasema hajawahi kurudishiwa mbegu. Mwambie leo amerudishiwa.

Na hili nalisema mara moja. Dawa ya pamba ni ya pamba. Nimemwona mama aliyeinyunyizia kwenye mchicha, akafurahi viwavi walivyokufa, na kesho yake kuku wake wakafa wakiwa wamejipanga. Viwavi watolee kwa mkono, nyunyiza majivu, au maji ya sabuni yenye pilipili. Ukishindwa, kula na viwavi, lakini dawa ya pamba hapana.

Turudi kwa ng'ombe.

Bustani yangu iko nyuma ya nyumba, inafika mpaka kwenye bafu la mabua ili maji ya kuogea yasipotee. Uzio nilipanda minyaa. Vipande vya minyaa ukishakata viache kivulini mpaka utomvu ukauke kwenye kidonda, ndipo upande, la sivyo vinaoza. Na utomvu usikuguse jicho. Tatizo ni kwamba minyaa inataka misimu miwili ndipo ifunge. Kwa sasa yangu inamfika ng'ombe magotini. Mianya nimeiziba kwa matawi ya miiba, na ng'ombe mwenye njaa anayavuka kama mgeni anavyovuka kizingiti.

Kwa nini nahangaika hivyo? Mume wangu yuko Lamadi kwenye biashara ya dagaa, anakuja akipata. Mshahara wa mradi haupo. Tunakula kutoka kwenye matuta yale. Mapema mwaka huo nilimpeleka Shija kliniki, nikaona mstari wake kwenye kadi umelala, na safari iliyofuata ukaanza kushuka. Mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha wengine mistari ya namna hiyo, nikiwauliza kwa sauti ya upole, “Mama, mtoto anakula mboga?” Nesi mpya, ambaye hanijui, aliniuliza vilevile, kwa sauti ileile. Nikajibu ndiyo. Nikaenda nyumbani nikaongeza matuta. Hayo ndiyo matuta aliyoyapitia ng'ombe mwekundu.

Mara ya kwanza nilipokwenda kusema, Mzee Jilala alikuwa anasokota kamba.

“Baba, ng'ombe wako wamekula mboga za watoto.”

“Pole, mayu. Wachungaji wa siku hizi wamelala.”

“Sasa tunafanyaje?”

“Si ni mboga? Mwaga maji, zitaota.”

Mara nyingine alisema jambo la ukweli zaidi. Alisema mavuno yamekwisha, mabua ni ya ng'ombe wote, na ng'ombe hawezi kujua mpaka wa mabua na mpaka wa bustani. Na kweli desturi yetu ndiyo hiyo: tukishavuna mahindi na mtama, mashamba yanafunguliwa, na ng'ombe wa yeyote wanaingia kwa yeyote. Siilaumu. Hata samadi yangu inatokana na hilo. Wakati ule wengi walikuwa hawajamaliza kuvuna, kwa hiyo mashamba yalikuwa hayajafunguliwa yote. Yakifunguliwa, hawatakuja ng'ombe wa Mzee Jilala peke yao. Watakuja wa kijiji kizima.

Baada ya kumkamua yule mwekundu, niliitwa kwenye baraza la sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Aliyeitwa ni mimi. Baraza lilikaa kwenye darasa la watoto wadogo, wazee wamejibana kwenye madawati, magoti yao karibu na masikio. Mtemi wa sungusungu ndiye aliyeuliza.

“Mama Kulwa, ni kweli ulikamua ng'ombe asiye wako?”

“Ni kweli.”

“Kwa ruhusa ya nani?”

“Ya ng'ombe. Hakupiga teke.”

Wakacheka, isipokuwa Mzee Jilala. Mtemi akagonga dawati kwa fimbo.

“Maziwa ya mtu hayachukuliwi. Utatoa kuku.”

“Nitatoa. Na mchicha wangu?”

“Mchicha ulifanyaje?”

“Uliliwa. Na sukuma wiki. Na nyanya zimekanyagwa. Ng'ombe akiingia kwenye mtama wa mtu, mwenye ng'ombe analipa. Basi naye atoe kuku, tubadilishane, tuende nyumbani.”

Mtemi alinijibu kwa upole, na nadhani aliamini anachosema. “Mayu, mtama ni zao. Mahindi, mpunga, pamba, hayo ni mazao. Zao linaingia ghalani au linapanda mizani. Mboga inaingia chunguni, inakwisha jioni. Tukianza kulipisha watu mboga, si tutakaa hapa kila siku?”

“Yangu inapanda mizani.”

“Mizani ipi? Ya ushirika au ya hawa wanunuzi wapya wa pamba?”

“Ya kliniki. Ile ya kuning'iniza. Namweka Shija ndani ya ile kaptula ya kupimia, mshale unasoma mboga nilizomlisha.”

Mzee mmoja wa nyuma akamwambia mwenzake, “Huyu amesoma,” kama mtu anayetaja ugonjwa. Mtemi akasema amesikia, ila sheria hakuitunga yeye. Kuku ni kuku.

Nikapeleka jogoo. Jioni mke wa mtemi akaja mlangoni kwangu na kibakuli, ananiomba nyanya mbili za kumuungia. Nilikuwa nazo, kwenye mche mmoja wa zamani karibu na bafu. Nilimpa. Yeye hakuwamo kwenye baraza lililonihukumu.

Kesho yake nilitafuta mbegu. Nilizokuwa nazo zilikuwa za mwisho, nikazimwaga zote kwenye kitalu, nikaenda kukata nyasi za kutandaza. Njia ya kwenda bondeni inapita kando ya ngitili ya Mzee Jilala. Wa mjini labda hawajui: ngitili ni kipande cha malisho ambacho mwenye kaya anakifunga mvua zikianza, nyasi ziote bila kuguswa, na hakifunguliwi mpaka kiangazi kikali, ndama na ng'ombe wanyonge wapate cha kula. Nyasi za Mzee Jilala zilikuwa zimefika kiunoni, zimeinamisha vichwa. Hakuna uzio. Hakuna mwiba hata mmoja. Njia ya ng'ombe wa kijiji inakuja moja kwa moja kutoka kisimani, ikifika pale inapinda, inaizunguka, halafu inanyooka tena upande wa pili. Nilisimama nikaitazama ile kona. Kundi la mtu lilikuwa linapita, mchungaji akapiga mluzi mmoja, na wote wakapinda, hata yule wa mbele aliyekuwa anatazama pembeni kwa tamaa.

Kumbe ng'ombe wanajua mpaka.

Na anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwenzake anatozwa faini, na hajawahi kutokea mzee wa kuuliza kama nyasi zinaingia ghalani. Nyasi zile hazipandi mizani yoyote. Zinalindwa kwa sababu kuna wadogo na wanyonge watakaozihitaji mbele ya safari. Basi.

Nilikata nyasi zangu bondeni, nikarudi, nikamwachia Mama Holo mapacha, nikatembea mpaka ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa anakunywa chai. Nikamweleza.

“Mama, hili ni la kifamilia. Huyo ni baba mkwe wako.”

“Baba mkwe ni Mzee Jilala. Ng'ombe si baba mkwe wangu.”

“Na baraza limeshaamua.”

“Limeamua la maziwa. La mboga halijaamua, limesema tu kwamba si kitu.”

Akashusha kikombe. “Andika basi. Lakini usiandike matusi.”

“Matusi ningeyasema kwa mdomo.”

Akanipa karatasi. Shija alikuwa amelala mgongoni, nikaandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la ofisi. Nimeinakili hapa kama ilivyo, mjue kwamba malalamiko hayahitaji maneno makubwa. Andika kilicholiwa, aliyekula, unachotaka, kisha weka nukta. Mtendaji aliisoma yote, akaisoma tena sehemu ya chini, akagonga muhuri.

Kwa Afisa Mtendaji wa Kata.

Yah: MALALAMIKO KUHUSU BUSTANI KULIWA NA NG'OMBE, NA OMBI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, zamani mtumishi wa mradi wa lishe, sasa mkulima wa mboga nyuma ya nyumba yangu. Ng'ombe wa Mzee Jilala wameingia kwenye bustani hiyo zaidi ya mara moja na kula mchicha na sukuma wiki na kukanyaga nyanya. Nilimkamua mmoja wao. Kwa kosa hilo nimetoa jogoo, na jogoo simlalamikii.

Nalalamikia kwamba baraza limesema mboga si zao, kwa hiyo aliyeila hana kosa. Sibishani tena kama ni zao.

Katika kijiji chetu kila mwenye kaya ana haki ya kufunga ngitili kwa ajili ya walio wadogo na wanyonge katika kaya yake, na ng'ombe wa mtu mwingine haruhusiwi kuingia mpaka mwenyewe afungue. Haijapata kusemwa ngitili iwe na ukubwa gani, wala iwe na nyasi za aina gani.

Kwa hiyo naarifu kwamba bustani yangu nimeifunga leo. Naomba itangazwe kwenye mkutano wa kijiji kabla mashamba hayajafunguliwa, na wachungaji wapewe taarifa wapi pa kupindia. Faini ya atakayeingiza ng'ombe iwe ileile ya ngitili ya Mzee Jilala, isiwe pungufu.

Wanaokula ndani yake ni watatu. Mmoja ameanza kushuka uzito. Hakuna mwenye pembe.

Mama Kulwa